Kurasa Sita za Msomaji wa Siri

Lifti ya hoteli ile ya Chicago ilikuwa imejaa wanafalsafa waliokuja mkutanoni, na wanafalsafa wakijaa kwenye lifti hawanyamazi. Wawili walikuwa wakibishana kama wahariri wa jarida kubwa la falsafa walifanya vyema kujiuzulu wote kwa mpigo. Wa tatu alitaka kila mtu atie saini barua ya kuwaunga mkono kabla ya kufika ghorofa ya tisa. Lorna Pelletier, amebanwa kwenye kona, theluji ikimyeyukia mabegani kwenye koti la kijivu, alikuwa hoi. Mlango ulipofunguka ghorofa ya nne, akaingia Wendell Ostrander.

Kwa miezi minane Lorna hakuwa amepokea simu zake. Sasa bwana huyo alikuwa puani pake, amevaa sweta ya bluu aliyonunuliwa na Lorna mwenyewe.

"Umekonda, profesa wangu," Wendell alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi si profesa wa mtu."

Walishuka pamoja ghorofa ya saba, maana wote walikuwa wakienda huko huko.

Walipendana miaka mitatu, Lorna akifundisha mji wa mbali wa Winnipeg kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, Wendell akiwa na kazi ya kudumu Chicago. Lorna alikuwa ameandika makala juu ya swali moja: je, ni haki kumpendelea umpendaye kuliko mtu usiyemjua? Ikichapishwa, chuo kingempa mkataba mwingine. Jarida lile lile la wahariri waliojiuzulu likaipeleka kwa wasomaji wa siri, wataalamu wa kuipima, majina yamefichwa pande zote, na ikakataliwa. Katika ripoti ya msomaji wa pili Lorna akakutana na maneno haya: "Hoja hii inatembea kwa mkongojo." Duniani alimjua mtu mmoja tu anayesema hivyo. Akampigia kumuuliza. Wendell hakukana, naye Lorna akakata simu.

Kanuni ya kazi yao haina utata: ukimtambua mwandishi, unairudisha makala bila kuipima.

Kwenye korido, kando ya meza ya kahawa, Wendell hakujitetea. "Nilijua ni yako tangu ukurasa wa kwanza."

"Sasa ilikushinda nini kuirudisha?"

Alisema ni kiburi. Kila mwaka anawafundisha watoto wa watu kwamba wote wapimwe kwa mizani moja, akataka kuona kama anaweza kumpima hivyo hata Lorna. Akaogopa kumpendelea, akamkandamiza.

"Na uliweza kunipima?"

"Wapi! Wengine nawaandikia nusu ukurasa. Wewe nilikuandikia kurasa sita."

Lorna alikaribia kucheka. Miezi minane yote aliamini kwamba Wendell anamdharau, na hilo ndilo lililomnyima usingizi; kumbe sivyo. Akamweleza kwamba mkataba haukuja. Januari anaanza kazi hospitalini Winnipeg, kukaa na familia zinazoamua kama mgonjwa wao aondolewe mashine ya kupumulia. Leo anasoma makala yake ya mwisho mbele ya wanafalsafa hawa.

"Nitawaandikia wale wahariri," Wendell alisema. "Nitawaambia ni mimi."

"Walishajiuzulu. Na itanirudishia nini, mpenzi?" Neno lilimponyoka, wote wawili wakalisikia.

"Basi nisamehe, Lorna. Nitahamia huko. Nitafundisha chochote."

Lorna alimtazama. Mvi zilikuwa zimeongezeka, na kola ya shati imekunjika upande mmoja kama kawaida yake. Mkono wa Lorna ulitaka kuinyoosha.

"Nilishakusamehe tangu Agosti," alisema. "Na bado nakupenda, ndiyo maana nimechoka hivi. Kinachonishinda ni kukuonyesha tena kitu nilichoandika."

Wendell alitazama mlango wa chumba cha mkutano.

"Naweza kuja kusikiliza?" aliuliza.

"Hapana, Wendell."

Lorna akaingia humo, akawakuta watu tisa wamekaa wakitazama simu zao. Akavua koti, akaweka karatasi mezani, akaanza kuwasomea watu hao wote asiowajua.