Watoto wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alilianika juani godoro la mdogo wake. Chumba chao kilikuwa na unyevu, na godoro halikukauka hata siku moja. Jina hilo la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa akingoja nyumba ya umma mwaka wa tatu sasa. Mdogo wake alikuwa na pumu, na daktari alishasema wazi: mtoto ahamishwe kabla mvua hazijaanza.

Jumamosi moja mama alienda kupeleka sare alizoshona. Mara uchochoro mzima ukachangamka: afisa nyumba anapita chumba kwa chumba!

"Wanaangalia msongamano," rafiki yake wa chumba cha pili alimnong'oneza Chiriku. "Mkiwa wengi mnapewa haraka. Nikuazime wadogo zangu watatu?"

Chiriku hakufikiri mara mbili. Aliwapanga mkekani kando ya mdogo wake, akawaonya wafyate mdomo. Kisha, kama walivyozoea kila akija mgeni, akatundika kitenge kuficha ukuta mbovu.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnalala wangapi humu?"

"Sita. Mama yetu, mimi na wadogo zangu wanne."

Afisa akaandika. "Ala! Sita katika chumba kimoja! Basi mmewapita wote. Imebaki nyumba moja ya chini, isiyo na ngazi. Nilikuwa nimwekee fundi viatu wa pale kona, lakini yeye na mkewe ni wawili tu."

Chiriku alimjua vizuri. Fundi viatu alikuwa na mguu mmoja. Kila siku alishuka ngazi za kwao akiwa amekaa, kidato kimoja baada ya kingine, magongo yake mapajani. Chiriku akamtazama mdogo wake, kifua kikimpanda na kushuka. Akisema kweli, huenda wakaikosa nyumba. Akinyamaza, je, yule mzee?

Mama akatokea mlangoni. "Kulikoni? Mbona chumba kimejaa kama kuna harusi?"

"Nyumba imepatikana," afisa alisema, akimpa kalamu. "Weka sahihi hapa."

Mama akaipokea kwa furaha, akainama kuandika.

"Mama, usiweke!" Chiriku alipiga kelele. "Nimedanganya! Hawa watatu ni wa jirani!"

Watoto wa kuazima wakatoka mbio. Mama alikasirika, akairudisha kalamu.

"Kwa nini, binti?" afisa aliuliza.

"Mdogo wangu hapumui vizuri," Chiriku alijibu akilia. "Sababu ni huu ukuta."

Akakivuta kitenge. Ukungu mweusi ulikuwa umetanda kutoka sakafuni hadi dirishani. Afisa akaugusa, kidole kikarudi kimelowa.

"Mungu wangu! Mbona mmeuficha?"

"Tunaona aibu mbele ya wageni," mama alisema kwa sauti ndogo, akimpa kadi ya hospitali ya mtoto.

Afisa aliisoma yote. Akafuta ile sita, akaandika tatu, kisha akaandika habari za ukuta na pumu.

Wiki mbili baadaye fundi viatu alihamia ile nyumba ya chini. Familia ya Chiriku ikapewa nyumba kavu ghorofa ya tatu, iliyoachwa wazi wiki hiyo, yenye madirisha mawili. Afisa mwenyewe ndiye aliyeleta ufunguo.

"Sikiliza, binti," alisema. "Nchi nyingi duniani hujenga nyumba kama hizi, wenye kipato kidogo wakapanga kwa kodi wanayoimudu. Lakini mara nyingi wanaongoja ni wengi kuliko nyumba, kwa hiyo tunaangalia nani ana shida zaidi. Ukinidanganya, unamtoa mwenzako kwenye nafasi yake. Na wewe uongo wa nini? Shida yenu ya kweli ilitosha."

"Nimekoma, mama," Chiriku alisema.

Ndani, mdogo wake alikuwa amelala fofofo, akipumua kimya kimya.