Orodha Aliyopewa Mwalimu Mgeni

Vernon Haugen alirudi nyumbani saa moja asubuhi, baada ya kusukuma theluji barabarani. Hiyo ndiyo kazi yake kila kipupwe. Mezani alimkuta mkewe, Marit, peke yake.

"Mtoto bado yuko kitandani?"

"Anasema tumbo linamuuma."

"Tumbo gani hilo la siku tisa?"

Wote wawili walijua si tumbo. Mtoto wao ana miaka kumi na minne. Alipozaliwa walimwandikisha kuwa msichana, jina Karin. Mwaka jana aliwaambia yeye ni mvulana, na aitwe Anders. Marit alizoea. Vernon ulimi ulikuwa mzito, akawa anamwita "wewe" tu. Hakumchukia, hata kidogo. Ila Karin lilikuwa jina la marehemu mama yake.

Marit alikuwa amemwambia mwalimu wa darasa habari ya jina jipya kwa mdomo, akadhani yamekwisha. Kumbe! Mwalimu akaugua, akaja mwalimu mgeni. Akasoma orodha: "Karin Haugen! Karin hayupo?"

Mvulana mmoja akapaza sauti: "Yupo, mwalimu! Amejificha ndani ya Anders!" Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo mtoto hakukanyaga shule. Na barua ya shule ilikuwa imefika: siku kumi za kutohudhuria zikitimia, muhula wote umepotea.

Vernon alikwenda shuleni amefura kwa hasira.

"Kung'uta viatu kwanza, unanijazia maji ofisini," alisema karani, Bi Solveig, jirani yake wa miaka mingi.

"Mmemwaibisha mtoto wangu!"

"Ameaibishwa, kweli, na imeniuma. Lakini nani alijaza fomu?"

"Fomu gani tena? Mke wangu alimwambia mwalimu."

"Haya, na mwalimu akilala kitandani, nani atayasema? Mwalimu mgeni anapewa orodha ya kompyuta hii. Kompyuta haijaambiwa kitu." Akatoa karatasi. "Wilaya yetu ina sera. Mzazi anasaini hapa, na jina analolitumia mtoto linaingia kwenye orodha zote. Cheti cha kuzaliwa hakiguswi. Hapa chini unaandika habari ya wale waliomcheka, na mkuu wa shule lazima awaite. Choo cha mtu mmoja kipo pia, mwanafunzi yeyote anakitumia."

"Watu watasema anapendelewa."

"Anapendelewa nini? Mtoto wa Lund haoni vizuri, tumemweka kiti cha mbele. Umesikia mtu akinung'unika? Kila mtoto apewe kitakachomwezesha kusoma. Basi."

Vernon alishika kalamu, kisha akaiweka tena mezani.

"Karin ni mama yangu, Solveig. Nikisaini, naona kama namzika mara ya pili."

"Nilikuwepo tulipomzika," alisema Bi Solveig kwa upole. "Yuko salama kule, hakuna anayemgusa. Anayepotea ni huyu uliye naye nyumbani."

Vernon alisaini. Machozi yalimtoka mbele ya karani, wala hakuyaficha.

Nyumbani alisimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto.

"Fomu nimesaini. Kesho wataliita jina lako."

Mtoto alifunua blanketi usoni. "Lipi?"

"Anders."

"Hujawahi kulisema, baba."

"Nilichelewa. Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake mtoto alipanda basi la shule. Darasani alikuwa bado yule yule mwalimu mgeni. Vernon hakutulia siku nzima. Jioni alimpokea mtoto barabarani.

"Imekuwaje?"

"Amesoma Anders Haugen. Nikasema nipo. Akaendelea na anayefuata."

"Halafu?"

"Halafu tukafanya hesabu," alisema Anders. "Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama."