Levo Moja Iliyobaki

"Elfu arobaini, Kinyozi! Nilikuhesabia mkononi, nimekaa kiti hikihiki. Leo unaniambia nichukue simu yangu hivihivi?"

"Chukua, Cheche. Hela nitakurudishia."

"Nani kakuomba hela? Namtaka mnyama wangu wa mchezo. Amefika levo ya tisini na tisa, mashindano kesho! Umemla ng'ombe mzima, mkia unakushinda?"

Kinyozi alikuwa anafagia sakafu aliyokwisha kuifagia. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa mlangoni, na tangu asubuhi hakikunyolewa kichwa hata kimoja. Lakini duka zima lilinuka nywele zilizoungua, na harufu ilitoka kwenye droo ya simu.

Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma wa upande wa pili wa barabara, alikunja pua. Harufu ya kuungua aliijua vizuri. "Umeunguza nini humo?"

"Sijaunguza kitu. Sema polepole, Cheche. Anasikia."

"Nani?"

Kazi yenyewe haikuwa ya aibu. Kulea wanyama wa mchezo wa simu kwa malipo ni kazi kama kunyoa: mwenye simu hana muda, wewe unao. Mnyama wa Cheche aliitwa Jabali, shingo ndefu, macho manne. Alipata nguvu kwa kula wanyama wadogo. Unaangua mayai, kila kitoto unakipa jina, kisha unabonyeza Lisha. Kinyozi aliangua mamia. Kimoja kilikuwa kizuri, kina doa shavuni, akakiita Kidoti kama binti yake wa miaka mitatu, akakiweka kando kisiliwe. Majina ya matunda yakaisha, ya miji yakaisha, akaingia kwenye ukoo. Akaandika Shangazi. Jabali akatafuna, akapanda levo. Siku hiyohiyo shangazi yake, mwanamke wa kubeba gunia la mkaa kichwani, alishindwa kuinua kikombe.

Mwenye haya angeachia hapo. Kinyozi alitaka kuhakikisha, akaandika Mama Mkwe. Tusimpambe: hilo hakulichagua kwa bahati mbaya. Jioni mama mkwe hakuweza kugeuka kitandani. Kinyozi akaenda kumpa pole na machungwa sita, na mawili akayala mwenyewe palepale, akimtazama.

Sasa alikuwa na hakika, na bado hakuacha. Zile elfu arobaini alikwisha kuzila. Jumatatu wateja walijaa, akaona uvivu wa kuchagua kimoja kimoja, akabonyeza Lisha Wote bila kusoma orodha. Asubuhi yake Kidoti, aliyekuwa akikizunguka kiti cha kunyolea mbio mpaka anaanguka kwa kicheko, alishuka kitandani kwa tumbo na kutambaa.

Kinyozi alikimbilia dukani, akafungua droo ili amwachie Jabali aende porini kama mchezo unavyoruhusu, lakini kidole hakikugusa kioo kwa sababu kioo kilikuwa na joto la mdomo, na kutoka ndani ikaja sauti ya meno yakisaga bila haraka, kisha sauti ya shangazi yake, ileile ya kumwita mezani alipokuwa mdogo, ikamwambia kwamba imebaki levo moja, na kwamba ikiwa ataandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, mtoto atatemwa.

Ilikuwa siku tatu zilizopita. Kwa siku tatu alikuwa anafagia.

"Hodi." Mkewe aliingia na chakula cha mchana, Kidoti mgongoni, miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. "Mnagombania nini? Mnasikika mpaka kona ya pili."

"Shemeji, mwulize huyu," Cheche alisema. "Amegoma kumaliza kazi."

Kinyozi alifungua mdomo aseme uongo. Droo ikamtangulia. "Baba Kidoti," iliita kwa sauti ya mama mkwe, kwa upole ambao yule mama hakuwahi kuwa nao kwake. "Bado wewe tu, mwanangu. Mtoto nitamtema."

Bakuli lilimtoka mke mkononi. Kidoti hakulia, alificha uso kwenye shingo ya mama yake.

"Hiyo ni sauti ya mama yangu," mke alinong'ona.

Cheche, rangi imemtoka, aliitoa simu kwa ncha ya taulo. Aliisoma orodha ya walioliwa, kisha akampa shemeji bila kumtazama machoni. "Nisamehe," alisema. "Mimi nilitaka kushinda tu."

Mke alisoma taratibu, kidole kinashuka. Shangazi. Mama Mkwe. Dada. Mjomba. Kidoti. Alifika mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"Umeandika ukoo mzima," alisema. "Lako mbona silioni?"

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Umejua tangu lini?"

Kinyozi alitazama sakafu. Ilikuwa safi kabisa. "Jumanne."

"Leo Ijumaa."

"Niliogopa."

Mke alimshusha mtoto, akamkalisha sakafuni kati yao. Kidoti akaanza kutambaa kuelekea kwa baba yake. Mke akaiweka simu juu ya kiti cha kunyolea, ikifuka harufu, sehemu ya jina iko wazi.

"Nataka miguu ya mwanangu," alisema. "Andika."