Nilimfukuza Aliyeniletea Viwavi

Nina miaka thelathini na mmoja, naishi peke yangu katika chumba kimoja mtaani Amalemba. Wasomaji wenzangu, upweke huu niliutafuta kwa mikono yangu mwenyewe!

Uhuru ulipokuja nilikuwa msaidizi katika maabara ya kilimo hapa Kakamega. Mke wangu, Khasandi, alibaki kijijini kwetu Malinya akilima. Siku moja aliniletea kiwavi aliyekufa, mwekundu kama tofali.

"Huyu alikuwa anawaka kwenye giza la ghala," akasema. "Wewe msomi, niambie ni nini."

Chini ya hadubini niliona minyoo wembamba kuliko uzi... na matumboni mwao, bakteria waliotoa mwanga ule. Daktari, mkubwa wetu, alipekua vitabu vyake vyote asiwapate. Alikuwa akienda likizo Ulaya. Akaniambia nikiwatunza mpaka arudi, wakiwaka vilevile, tutawapa jina, na langu litaandikwa kando ya lake.

Jina langu! Mimi, mtoto wa Malinya!

Minyoo wale walitaka viwavi hai. Kila Ijumaa Khasandi alitembea na mkebe wa viwavi kutoka shambani hadi maabara. "Wageni wako wanakula kukushinda," alinitania. Wenzangu wakaangua kicheko: "Mama Viwavi amefika! Funikeni chai!"

Nami, badala ya kumtetea, niliona haya... Nikamwambia asikanyage tena pale na matope yake.

Aliuweka mkebe sakafuni, taratibu. Akaondoka.

Bila viwavi, minyoo wakafa. Sikujali! Bakteria walinawiri peke yao katika vibakuli vya kioo, nami nikawahamisha kutoka kibakuli hiki hadi kile, miezi mingi, nisiende nyumbani hata mara moja.

Daktari aliporudi tuliingia chumba cha giza. Tukangoja... Giza tupu! Walikuwa hai, lakini hawakuwaka tena.

"Umewatenga na minyoo wao muda mrefu mno," akasema. "Kalete wengine kule walikotoka."

Nilikwenda Malinya mbio. Nyumba ilikuwa imefungwa, shamba limemezwa na nyasi. Jirani aliniambia bila kunitazama: "Alikungoja, shemeji. Sasa ameolewa Lugari."

Nilichimba udongo ule kwa kucha mpaka zikatoka damu. Sikupata kiwavi, wala mnyoo.

Wewe unayemwonea haya mtu anayekuja kwako na matope miguuni, nakusihi, mfungulie mlango! Mimi ninao mkebe tu, juu ya meza yangu. Kila Ijumaa naufuta vumbi... nao ni mtupu.