Vipuri vya Gari la Mama

Jioni hiyo Chachu alikwenda gereji kwa jambo dogo tu, kumpelekea fundi nati za akiba za magurudumu. Chachu lilikuwa jina la kubandikwa na wateja, maana alikuwa mwoka mikate. Tangu mchana kifua kilikuwa kikimbana. Akalaumu moshi wa tanuri, akaendelea na safari yake.

Gari lilikuwa la mama yake. Lilisambaza mikate miaka na miaka, mama kwenye usukani, Chachu mdogo kiti cha pembeni, kikapu mapajani. Sasa mama alikuwa mzee, haendeshi tena, na Chachu hakuwa na moyo wa kuliuza. Akaona bora liinuliwe, livishwe matairi makubwa, lipewe viti na taa mpya, liwe la kupandia milima kila Jumamosi. Mama alipoambiwa alicheka.

"Mpe kizee mwenzangu viatu vipya," alisema.

Gereji, gari lilikuwa limesimama juu kama mbuzi anayechungulia ukuta. Chachu akalizunguka akitabasamu. Kisha akatazama kona walikoweka vifaa vilivyofunguliwa.

"Vile vya zamani viko wapi, fundi?"

"Si amechukua mzee wako."

"Mzee gani?"

Fundi aliacha kufuta mikono. "Yule wa chuma chakavu. Alisema mmeelewana."

Chachu hakuwa ameelewana na mtu. Akamkazia fundi macho. Walijuana muda mrefu, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

"Nieleze vizuri."

"Springi nilimpa, akakataa. Bampa, akakataa. Mara ya kwanza alitaka kiti cha dereva. Akarudi, akataka taa za mbele. Leo mchana amechukua honi, na mkanda wa kiti cha pembeni." Fundi akashusha sauti. "Kaka, yule mtu anashika vyuma lakini mikono yake haichafuki. Na ananuka... kama udongo wa shimo jipya."

Simu ya Chachu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Njoo nyumbani. Mama hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi kabisa. Anafungua mdomo, hakitoki kitu. Tangu mchana."

Chachu akaanza kukumbuka. Tangu gari liingie gereji, mama alikuwa ameamka siku moja kiuno kimelegea, hawezi kukaa. Baadaye macho yakaingia ukungu. Daktari alipima, hakuona ugonjwa, na wote wakasema ni uzee. Chachu hakuwa mtu wa ushirikina. Unga haumuki kwa uganga. Lakini kiti... taa... honi.

"Alielekea wapi?" alimuuliza fundi.

"Njia ya machimbo ya zamani."

"Nipe ufunguo."

Gari lilipanda mawe kana kwamba lilizaliwa porini. Siku nyingine angepiga mluzi wa furaha. Jua lilikuwa limezama, taa mpya zikamulika vichaka na vumbi. Alipokaribia machimbo, kifua kilibana zaidi. Akazima injini ili avute pumzi.

Kimya.

Kisha akaisikia.

Piiii... pi-pi.

Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Hivyo ndivyo mama alivyowaita wateja milangoni.

Akashuka, akaufuata kwa miguu. Nyuma ya kifusi nyasi zilikuwa zimefyekwa, na pale katikati palikuwa na fremu ya fito zilizofungwa kwa kamba. Ukubwa uleule wa gari la mama. Taa mbili zilifungwa mbele. Kiti cha dereva kilikuwa mahali pake, honi imening'inizwa juu yake. Pembeni hapakuwa na kiti. Palikuwa na mkanda tu, umefungwa, umekazwa kuzunguka hewa.

Mkanda ulikuwa ukipanda na kushuka.

Taratibu. Kama kifua cha mtoto anayepumua.

"Umewahi," sauti ilisema nyuma yake. "Nilikutarajia Jumamosi."

Mtu yule alikuwa amevaa nadhifu. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa Chachu puani.

"Vitu hivi ni vya mama yangu," alisema Chachu.

"Najua. Ndiye aliyenituma."

Chachu aliuvamia mkanda, akaufungua, na pumzi ikamwingia kwa kishindo hadi akapiga magoti. Akang'oa taa. Akang'oa honi. Akakiburuta kiti mpaka garini. Mtu yule hakumzuia. Alisimama tu akitazama, mikono nyuma.

"Chukua," alisema. "Mwenyewe atakuuliza."

Nyumbani Chachu alimkuta mama ameketi kitandani, ukungu umemtoka machoni, anaomba chai. Mkewe alikuwa akilia kwa furaha, akakimbilia jikoni. Chachu akapiga magoti, akaushika mkono wa mama. Ulikuwa wa baridi, nao ukamshika kwa nguvu asizozitegemea.

"Nani alikutuma uvirudishe?" mama alinong'ona.

"Mama?"

"Tulibakiza kidogo tu tuondoke. Mimi na wewe, kama zamani."

Akamwachia mkono, akageukia ukutani.

Kesho yake fundi alirudisha kila kitu garini. Mama sasa ni mzima. Anatembea, anawatania wajukuu, anagombana na mkwewe juu ya chumvi. Lile neno hajalirudia, wala Chachu hajathubutu kuuliza. Hata kwa mkewe hajalisema. Angeanzia wapi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, watu husema. Alikuwa akiupenda sana msemo huo.

Ila kila Ijumaa, baada ya chakula, mama huja akaketi karibu naye, akamfuta unga begani.

"Kesho utapita njia gani, mwanangu?"

"Ya mtoni, mama."

Na Jumamosi alfajiri, Chachu huchukua ya mlimani.