Tangi Lililokosa Pumzi

Jirani yao Clotilde anashikilia mpaka leo kwamba pikipiki ile ilizimwa na marehemu. Anasema mifupa ilikataa safari, na kwamba yeye mwenyewe aliiona ikitikisika ndani ya kitambaa cheupe walipopita mlangoni pake. Clotilde hupenda kuongeza chumvi. Lakini Dilsa, aliyeibeba mifupa hiyo mgongoni, hamkatalii.

Walikuwa wamekwisha kuacha nyuma kisima cha mwisho injini ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza. Jangwa la Guajira lilikuwa jeupe kwa jua, na upepo ulirusha vumbi linalochoma kama sindano. Neiro, mdogo wake Dilsa, alipiga kiki mpaka goti likamuuma. Wakangoja. Ikawaka. Baada ya dakika kumi, ikazima tena. Ilipozima mara ya nne, maji ya chupani hayakufika vidole viwili, na kisima kilikuwa mbali kama yalivyokuwa mbali makaburi ya ukoo.

"Mjomba hataki kwenda," Neiro alisema.

"Mjomba hajawahi kukataa pikipiki. Fungua plagi."

"Si ufungue wewe, fundi."

Alijua kuwa dada yake hawezi. Alfajiri hiyo Dilsa ndiye aliyemfukua mjomba wao Evaristo na kusafisha mifupa yake mmoja mmoja. Mpaka azikwe mara ya pili, mikono hiyo haikuruhusiwa kugusa maji, chakula wala chombo cha walio hai. Hata kunywa alinyweshwa. Na ni yeye, si Neiro, aliyekulia kwenye karakana ya mjomba akimshikia spana.

"Una wake wawili na plagi huijui?"

"Wake zangu hawanizimikii njiani, dada."

"Subiri tuchelewe leo, utawaona. Spana ile ndogo. Polepole."

Neiro akaitoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka. Basi, moto upo. Akakung'uta kichujio cha hewa. Hakikuwa na neno.

"Sasa chomoa mpira wa mafuta pale chini."

Petroli ilidondoka matone machache, kisha ikakatika, ilhali tangi lilikuwa nusu na petroli ilisikika ikichezacheza ndani. Neiro akamwekea dada yake chupa mdomoni. Yalikuwa maji ya mwisho. Dilsa aliona kuwa Neiro mwenyewe hakunywa.

Akatulia, akalitazama tangi. Kifuniko chake alikuwa amekizungushia plastiki yeye mwenyewe jana, akakaza kwa ukanda wa mpira, vumbi lisiingie. Ndipo alipoikumbuka ile siku ya mwisho ya mjomba. Upepo ulikuwa huu huu. Mjomba alilala kitandani, kifua kikipiga mluzi, akisema, "Mpwa wangu, fungua kidogo." Dilsa hakufungua. Aliziba na nyufa za mlango kwa matambara, vumbi lisimzidishie. Upepo ulipotulia, akafungua, mjomba alikuwa amekwisha kupoa.

"Neiro. Kata hiyo plastiki. Fungua kifuniko."

Tangi likavuta hewa, fyuuuu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Wote wawili walirudi nyuma. Petroli ikaanza kutiririka mchangani.

"Rudisha mpira, inamwagika!"

Pikipiki ikawaka, haikuzima tena. Walifika makaburini jua likiwa limelegea, midomo imepasuka. Wanawake walimpokea Dilsa, wakamnywesha uji wa mahindi. Neiro alikaa kando ya pikipiki, kila mara akilegeza kifuniko na kutega sikio.

Mifupa ikawekwa mahali pake. Mwashi akaegesha bamba la kaburi, akaanza kusukuma saruji kwenye kila ufa. Dilsa akasogea. Upepo ulikuwa umekwisha kutulia, lakini nyuma ya bamba aliusikia ule mluzi wa kifua.

"Kaka," alimwambia mwashi, "niachie kijitundu. Kidogo tu."

Mwashi aliendelea kulainisha saruji.