Sura Moja kwa Majina Yote

Kila alasiri Gulnaz alipotoka shuleni, alivua viatu nyuma ya duka la baba yake mjini Shinyanga, akanawa vumbi la miguuni, kisha akaingia chumba cha kompyuta. Ulikuwa mwaka 1999. Watu wengi mjini walikuwa bado hawajaona kompyuta, na chumba hicho kilikuwa na mbili. Zilikuwa za Liaquat, mdogo wa baba yake, ambaye Gulnaz alimwita Chacha.

Chacha Liaquat alikuwa akitengeneza tovuti ya watu waliopotea. Vijana wengi wa Kishapu na Songwa walikwenda Geita kuchimba dhahabu, na baadhi yao hawakurudi wala kuandika barua. Wazazi walileta picha zao dukani. Gulnaz, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi, alizipitisha picha hizo kwenye mashine ya kuziingiza kompyutani, akaandika jina na kijiji cha kila mmoja. Kufikia mwezi wa saba walikuwa na watu kumi na mmoja.

Kila mzazi alipewa kikaratasi chenye anwani ya ukurasa wa mtoto wake. Nakala ya anwani hizo ilipelekwa Geita kwa kijana mmoja aitwaye Cornel, karani wa ofisi ya ushirika wa wachimbaji wadogo. Yeye angefungua kila ukurasa kwenye kompyuta ya ofisi, auchape, na kuubandika ubaoni ili wachimbaji waone.

Lakini Alhamisi moja Cornel alipiga simu. Kila anwani aliyoandika ilimjibu kwamba ukurasa haukupatikana.

"Hapa dukani zinafunguka," Gulnaz alisema.

"Zinafunguka kwa sababu sisi tunaanzia ukurasa wa mbele, halafu tunabofya jina," Chacha alimjibu. "Fikiria nyumba yenye mlango mmoja. Ndani kuna watu kumi na mmoja. Cornel anafika na kikaratasi kinachosema 'Marselino'. Mlinzi wa nyumba ni seva, ile kompyuta ya Dar es Salaam inayotunza tovuti yetu. Mlinzi anatafuta mlango ulioandikwa Marselino, hauoni, anamfukuza mgeni."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutamwandikia mlinzi agizo. Kila mgeni, hata awe na kikaratasi gani, apitishwe mlango wa mbele na kikaratasi chake mkononi. Tukishampokea ndani, sisi wenyewe tutasoma jina na kumwonyesha mtu anayemtafuta." Alifunga begi lake. "Nitaliandika nikirudi kutoka Mwanza wiki ijayo. Agizo hilo usiliguse. Ukikosea neno moja, kila anayekuja atakosea njia."

Aliondoka Ijumaa asubuhi. Jumamosi akaja Mama Philomena kutoka Songwa, mama yake Marselino. Alikuwa amekunja kikaratasi chake mara nyingi hadi kikalainika kama kitambaa.

"Shikamoo, mama," Gulnaz alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa Geita hawamwoni Marselino wangu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Chacha atatengeneza wiki ijayo."

"Wiki nyingine," Mama Philomena alisema taratibu. "Huu ni mwaka wa pili." Hakulalamika zaidi. Alikaa kidogo, kisha akaondoka.

Gulnaz alimwonea huruma. Pia alijiona anaweza. Alikuwa amemwona Chacha akiandika maagizo mara nyingi. Akaunganisha mtandao kwa simu, mashine ikalia kwa ile sauti yake nyembamba, akaliandika agizo mwenyewe. Ili kulijaribu, aliandika kwanza: kila mgeni apelekwe kwa Luka, na jina alilokuja nalo liandikwe juu ya ukurasa. Luka, mmoja wa wale kumi na mmoja, alikuwa mtoto wa Mzee Jilala wa Kishapu. Akaandika anwani ya Luka, ukurasa ukafunguka palepale. Gulnaz alifurahi hata akasahau kwamba jina la Luka lilikuwa la majaribio tu. Hakujaribu anwani nyingine. Alimpigia Cornel, akamwambia kazi imekwisha.

Jumatatu Cornel alichapa ukurasa wa Marselino, akaubandika ubaoni. Jumanne mchana akapiga simu. Laini ilikuwa mbaya, na nyuma ya sauti yake kulisikika sauti nyingine ya mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya shimo.

"Dada, leo nimechapa na kubandika wengine wanne," Cornel alisema. "Majina ni tofauti. Sura ni moja."

"Sura gani?"

"Ileile niliyoibandika jana. Wachimbaji wameziona kabla sijaziondoa ubaoni. Wananiuliza huyu ni nani aliyechukua majina ya wenzake."

Gulnaz angeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeandika agizo. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Labda ni kompyuta yako. Ile ya kwanza, ya Marselino, ni sahihi, iache ubaoni. Hizo nyingine subiri Chacha arudi."

Alipokata simu, aliingia mtandaoni na kuandika anwani ya Marselino. Siku zile picha ilishuka polepole, mstari baada ya mstari. Juu paliandikwa MARSELINO. Kisha zikaja nywele. Likaja paji la uso, halafu kovu juu ya jicho la kushoto, halafu macho. Alikuwa Luka, amesimama mbele ya pazia la studio, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekatizwa asimalize neno.

Gulnaz akajaribu jina la pili, na la tatu. Nje upepo wa kiangazi ulikuwa ukisukuma vumbi barabarani, na hakuna mtu aliyepita. Mwishowe, bila kujua kwa nini, aliandika jina lake mwenyewe. GULNAZ, ukurasa ukasema. Akangoja. Nywele zikashuka, likaja lile kovu, na macho ya Luka yakamtazama chini ya jina lake.

Alizima mashine bila kufuata utaratibu, akatoka nje kwenye jua.

Sasa alijua kosa liko wapi. Lakini akigusa tena agizo, huenda angeharibu zaidi, na akisema, Chacha hangemwamini tena. Akaamua kunyamaza mpaka Ijumaa, siku ambayo Chacha angerudi. Siku tatu si nyingi, alijiambia.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Jumatano abiria waliotoka Geita walileta habari sokoni: kuna marehemu ndani ya kompyuta ya ofisi, ukimtafuta ndugu yako anatokea yeye. Wachimbaji wa duara moja, kama wanavyoliita shimo lao, walikuwa wamekataa kushuka. Mwanamke aliyekuja dukani kununua daftari aliona kompyuta kupitia mlango uliokuwa wazi, akalipa huku amegeuza uso.

Alhamisi akaja Mzee Jilala, baba yake Luka. Alikuwa ametoka Kishapu alfajiri, na vumbi lilikuwa limeingia hata kwenye nyusi zake.

"Ng'wanone," alimwita Gulnaz, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wao. "Kijana wa kwetu aliyefika Geita ameitambua ile sura. Anasema mwanangu anawatokea watu. Nionyeshe."

Gulnaz alipitia ukurasa wa mbele, akabofya jina la Luka. Picha ikaanza kushuka. Mzee aliitazama mpaka ilipokamilika.

"Mtu aliye hai hawezi kukaa kwenye majina ya watu wengine," alisema. "Anatuomba tumlilie. Tutaanza matanga Jumapili. Hiyo picha nichapie, tutaiweka pale watakapokaa wafiwa. Nitapita kesho kuichukua."

"Babu, labda bado yu hai," Gulnaz alisema.

"Unajua jambo?"

Swali lilikuwa la upole. Gulnaz aliangalia sakafu. "Hapana, babu."

Mzee Jilala alivua shuka lake begani akakifunika kioo cha kompyuta, akikivuta kitambaa taratibu pande zote mbili, kama mtu anavyomfunika maiti.

Ijumaa adhuhuri Chacha Liaquat alirudi. Alikuwa hajakaa hata kitako simu ilipolia. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Mama Philomena yuko hapa mjini? Mwiteni," alisema. "Marselino ameonekana."

Mama Philomena alikuwa sokoni. Alikuja mbio, khanga ikimvuka begani, na nyuma yake akaingia Mzee Jilala kuchukua picha yake. Chacha alieleza: mfanyabiashara wa samaki kutoka Nkome, kwenye mwalo wa ziwa wanakotua wavuvi, alikuwa Geita asubuhi hiyo. Aliona karatasi ya Marselino ubaoni, akasema kijana huyo anamfahamu. Yuko Nkome, anaanika dagaa. Anachechemea mguu na amejipa jina jingine, na hapendi kuulizwa kwao.

Mama Philomena alipiga magoti pale sakafuni, akafunika uso kwa viganja. "Nitaondoka kesho," alisema. "Nitauza mbuzi wawili, niondoke kesho."

"Mungu amekukumbuka," Mzee Jilala alimwambia. Akamgeukia Gulnaz. "Picha yangu iko tayari, ng'wanone?"

Gulnaz alimtazama mama aliyepiga magoti, akamtazama na mzee aliyenyoosha mkono.

"Chacha," alisema. "Huyo mfanyabiashara alisema kijana ana kovu?"

"Ndiyo. Juu ya jicho la kushoto. Umejuaje?"

"Marselino hana kovu."

Gulnaz akaanza kulia, lakini hakuacha kueleza. Alisema jinsi alivyoliandika agizo, jinsi alivyolijaribu kwa jina la Luka na kulisahau. Akasema Cornel alimuuliza naye akamdanganya, na kwamba ni yeye aliyesema karatasi ya Marselino ibaki ubaoni. "Mtu aliyeonekana Nkome ni Luka," alimaliza. "Hakuna marehemu kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyewapeleka watu wote kwake."

Mama Philomena aliteremsha mikono usoni. "Kwa hiyo huyo wa Nkome si wangu."

"Si wako, mama. Nisamehe."

Mzee Jilala alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akaketi.

Chacha Liaquat hakumpiga wala kumfokea. Alikaa mbele ya kompyuta na kumwita Gulnaz asimame karibu. Akafuta jina la Luka kwenye agizo, akaandika kwamba kila mgeni apitishwe mlango wa mbele. Kisha akaongeza jambo ambalo Gulnaz hakulifikiria: jina lisilojulikana lijibiwe wazi kwamba mtu huyo hayumo kwenye orodha. Baada ya hapo alimtaka Gulnaz aandike anwani zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Sura kumi na moja zikashuka, kila moja chini ya jina lake. Alipoandika jina la kubuni, ukurasa ulijibu: Hatumjui mtu huyu.

Chacha alimpigia Cornel, akamwomba achape upya kurasa za Luka na Marselino, amwonyeshe yule mfanyabiashara kabla hajapanda gari la kurudi Nkome. Walingoja karibu saa nzima. Chai ililetwa, ikapoa. Simu ilipolia, Chacha alisikiliza, akamgeukia Mzee Jilala.

"Ameonyesha Luka. Huyo mwingine hajawahi kumwona."

Mzee alinyanyuka. "Basi matanga hakuna," alisema. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini alimwona Mama Philomena, akayaacha.

Walipoondoka, Chacha alifunga mlango wa chumba. "Kwamba unaweza kukosea agizo, nilitarajia," alisema. "Mimi pia nimekosea maagizo mengi, ndiyo maana nikakuambia usubiri. Lakini Jumanne ulijua. Toka Jumanne hadi leo, kila aliyekuwa anapotea njia alipotezwa na ukimya wako. Kosa lililosemwa siku hiyohiyo ningelirekebisha kwa simu nikiwa Mwanza."

"Niliogopa hutaniamini tena."

"Leo nimekuamini kidogo," Chacha alisema. "Umesema mbele ya watu wawili, na ungeweza kunywea. Utaendelea na kazi. Lakini kwanza utamwandikia Cornel barua, umwambie ukweli, naye awasomee wachimbaji."

Wiki mbili baadaye Mzee Jilala alipita dukani akiwa na kijana mwembamba anayechechemea. Luka alikuwa amenusurika katika duara lililobomoka na kumfunika mwenzake, akakimbia kwa aibu ya kubaki hai peke yake. Hakutaka kuitazama picha yake. Aliomba tu iondolewe, na Gulnaz akaiondoa mbele yake.

Siku ya soko Mama Philomena alikuja tena. Gulnaz alimwamkia kwa sauti ndogo, akidhani atakemewa. Mama akavuta kiti.

"Nifungulie Marselino."

Gulnaz aliandika anwani. Mama aliitazama sura ya mwanawe mpaka mwisho, masikio makubwa na shingo nyembamba ndani ya shati la shule.

"Huyu ndiye," alisema. "Kuna habari yake?"

Gulnaz alitamani kumpa hata neno dogo la kumliwaza. "Hapana, mama. Hatujapata habari yoyote."

Mama Philomena aliitikia kwa kichwa taratibu. "Sawa. Siku zote niambie hivyo hivyo. Habari ya kwamba hajaonekana naweza kuibeba mpaka nyumbani. Ile ya uongo ndiyo iliyonivunja magoti." Akarudisha kikaratasi chake mfukoni, akainuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamshika Gulnaz begani. "Nitakuja wiki ijayo kukuuliza tena."